Saa za kuuza bia Changamwe: wateja hutoka zamu asubuhi, leseni yasema jioni

Mwenye Meza Saba, Changamwe, ameuliza:

Hamjambo nyote. Ninaendesha baa ndogo huku Changamwe, Mombasa, yenye meza saba na kaunta moja, ambayo mjomba wangu aliniachia mwanzoni mwa mwaka huu baada ya miguu kumsumbua na kushindwa kusimama muda mrefu. Wateja wetu wengi ni wafanyakazi wa bandari ya Kilindini, madereva wa malori na utingo wao, pamoja na walinzi wa maghala. Wengi wao hukesha kazini na kutoka zamu saa moja asubuhi, kwa hiyo asubuhi ya watu wengine kwao ndiyo jioni: wanataka kukaa, kunywa chupa moja au mbili, kisha kwenda kulala. Mjomba alikuwa akiwafungulia mlango wa nyuma kuanzia saa mbili asubuhi, nami nilipochukua biashara niliendelea na desturi hiyo bila kujiuliza maswali.

Wiki mbili zilizopita waliingia maafisa watatu saa nne asubuhi, wakakuta watu wanne, kila mmoja na chupa yake. Walisema leseni yangu hainiruhusu kuuza bia kabla ya saa kumi na moja jioni, wakachukua kreti mbili kuwa ushahidi bila kuniandikia karatasi yoyote, halafu mmoja wao akaniita pembeni akataja kiasi cha fedha ambacho sitakiandika hapa. Nilikataa, wakaniachia onyo wakaenda zao. Hawakusema wametoka idara gani, nami kwa woga sikuuliza.

Kinachonitatiza ni kwamba ng'ambo ya barabara kuna mahali panapouza bia tangu adhuhuri, mlango wazi, hakuna anayepagusa, na rafiki yangu aliyeko Mtwapa huniambia kwamba kwao hakulali. Je, saa hizi zimewekwa na serikali ya taifa au na kaunti? Kwa nini mwenzangu afungue mchana nami nisifungue? Na je, mtu anaweza kuomba ruhusa ya kuuza asubuhi kwa ajili ya watu wa zamu, akieleza hali ya wateja wake kama nilivyoieleza hapa?

Karani Mstaafu amejibu:

Ndugu, nimewahi kukaa miaka kadhaa kwenye meza ya kupokea maombi ya leseni, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu kidogo, nawe univumilie.

Saa hizo zimo katika Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ile ambayo wengi bado huiita Sheria ya Mututho kwa jina la John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha na ndiye aliyeuwasilisha mswada wake bungeni. Ndiyo iliyofuta sheria za zamani za leseni za pombe, pamoja na ile ya kupiga marufuku chang'aa, ikaweka vileo vyote chini ya paa moja. Ukifungua Jedwali la Pili la sheria hiyo utakuta aina za leseni, na kila aina ina masharti yake. Leseni ya kawaida ya baa, yaani ya rejareja kwa wanaonywea papo hapo, inamruhusu mwenye nayo kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku, Jumatatu hadi Ijumaa. Siku za mwisho wa juma na sikukuu za umma anaruhusiwa kuanza saa nane mchana, na kufunga ni saa tano ile ile. Kwa maneno mengine, hata siku ya Idd-ul-Fitr, ambayo hapa Mombasa ungedhani baa zote zimefungwa kisheria, sheria ya taifa inaihesabu kuwa sikukuu ya umma na inaruhusu baa ifunguliwe saa nane. Kinachofanya wengi wafunge ni heshima kwa majirani.

Hapa niongeze jambo dogo ambalo limeshawaingiza watu matatani. Leseni huandikwa kwa Kiingereza na kwa saa za Kizungu. Nimewahi kumwona kijana wa kaunta aliyesoma "11.00 p.m." akaelewa kuwa ni saa kumi na moja, na mwingine aliyeona "5.00 p.m." akafungua saa tano mchana kwa moyo safi kabisa. Mwandikie mfanyakazi wako saa hizo kwa Kiswahili, uzibandike ndani ya kaunta.

Kuhusu jirani yako, kabla ya kumwonea wivu, kaulize ana leseni ya aina gani. Leseni ya mkahawa inaruhusu kuwauzia vileo watu wanaokula chakula pale pale, na leseni ya hoteli nayo inawahusu wageni waliolala hapo na wanaokula. Klabu ya usiku ni kinyume cha baa: huanza saa moja jioni na kuendelea hadi saa tisa usiku. Kwa hiyo nyumba mbili zinazotazamana zaweza kuwa na saa tofauti na zote zikawa ndani ya sheria. Ila nawe ukienda kuomba leseni ya mkahawa ili upate mchana, ujue kwamba sahani ya chipsi iliyopoa ambayo huzungushwa kutoka meza hadi meza haikufanyi uwe mkahawa. Tuliwaona wengi wa namna hiyo.

Swali la taifa au kaunti lina majibu mawili. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka utoaji wa leseni za vileo miongoni mwa kazi za kaunti. Ndiyo maana unaomba leseni na kulipa ada katika kaunti, na kamati ya kaunti yako ndogo ndiyo inayokagua jengo. Kaunti zina uwezo wa kutunga sheria zao juu ya jambo hili, kwa hiyo masharti yaliyochapishwa kwenye leseni yako ndiyo ya kwanza kuyasoma, kabla ya kusikiliza ya mtu yeyote, mimi nikiwamo. Mtwapa nayo, ukishavuka daraja kutoka Shanzu, umeingia Kaunti ya Kilifi: kamati nyingine, leseni nyingine. Kwamba huko hakulali ni habari ya wanaosimamia huko na wenye baa wa huko. Haikupi wewe wa Changamwe haki yoyote.

Sasa kuhusu asubuhi. Jedwali halina leseni ya rejareja inayotaja watu wa zamu. Kamati haiwezi kukuandikia saa ambazo sheria haikuipa, hata ikikuonea huruma, na yeyote atakayekuambia kwamba anaweza "kukupangia" basi anakuuzia kitu ambacho hana.

Mama wa Kaunta, Likoni, amejibu:

Mwanangu, pole kwa kreti zako. Mimi nimekaa katika biashara hii muda mrefu, na mlango wa nyuma ndio ulionigharimu zaidi ya kitu kingine chochote. Mteja anayeingia kwa mlango wa nyuma anajua kwamba uko katika makosa, na siku akikosana nawe juu ya deni la chupa tatu ndiye huyo huyo atakayekwenda kukuchongea. Usidhani maafisa walikuja kwa bahati.

Watu wa zamu hata mimi ninao, kwa sababu feri haina usiku wala mchana. Nilichofanya ni kujenga kibaraza chenye mlango wake upande wa barabara, nikaweka chai, mahamri, mbaazi, na supu ya miguu ya ng'ombe, ambayo mtu aliyekesha anaipenda kuliko unavyofikiri. Friji la bia lina kufuli asubuhi yote. Kibaraza nilikitenga kwa makusudi, kwa kuwa walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi kuingia panapouzwa vileo, na ukiuza mahamri asubuhi hutaweza kuwazuia watoto wanaotumwa na mama zao. Chakula nacho kina vibali vyake na vyeti vya afya vya wapishi, hivyo usije ukakimbia kosa moja ukaangukia jingine.

Usiku nako, mimi huacha kuuza saa nne na nusu. Wateja walilalamika mwezi wa kwanza, wakazoea. Ukimfungulia mtu bia saa tano kasoro dakika tano, atainywa hadi saa sita, na afisa atakayeikuta mezani pako hatataka kusikia kwamba iliuzwa kabla ya saa.

Jirani Msikivu, Mikindani, amejibu:

Assalamu alaykum. Mimi si mteja wala mfanyabiashara wa vileo, ila naishi mita chache kutoka baa ya aina hiyo na ningependa upande wetu nao usikike. Ndugu anaeleza kwamba asubuhi ya wateja wake ni jioni, nami namwelewa, kwa kuwa nami nimefanya kazi za usiku. Lakini asubuhi yao ni wakati ambapo wanangu wanakwenda shule na madrasa, na mlango wa nyuma anaoutaja, kama ule wa jirani yangu, huenda ndio unaotazama njia ya watoto. Sheria hiyo hiyo inataka mahali pa kuuzia pawe angalau mita 300 kutoka shule ya chekechea, ya msingi, ya upili au taasisi nyingine ya kufundishia walio chini ya miaka 18. Kwa jinsi ninavyoyasoma maneno hayo, madrasa imo ndani yake, ingawa wakati wa kupima watu hukumbuka shule za serikali tu.

Maombi ya leseni hutangazwa, na mkazi ana haki ya kuyapinga mbele ya kamati. Nimekwenda mara moja. Tulisikilizwa, na mwombaji akapewa leseni kwa sharti la kuziba dirisha lililotazama uchochoro, jambo ambalo lilitutosha. Nasema hivi ili muulizaji ajue kwamba majirani hawapo kila mara kwa ajili ya kumfungia mtu riziki yake. Kelele za muziki, kwa taarifa yake, ni suala jingine kabisa lenye kanuni zake za mwaka 2009 chini ya NEMA, yaani mamlaka ya taifa ya mazingira, na kufunga saa tano hakumpi ruhusa ya kutuzibua masikio saa nne.

Msomaji wa Kale, Kisauni, amejibu:

Swali hili la watu wa zamu ni la zamani kuliko tunavyodhani, na sitaki lipite hivi hivi. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia baa za London zilikuwa zikifunguliwa saa kumi na moja alfajiri na kufungwa baada ya saa sita usiku. Vita vilipopamba moto, serikali ya Uingereza ilihofu kwamba wafanyakazi wa viwanda vya silaha walikuwa wanafika kazini wakiwa wamelewa au hawafiki kabisa, na mwaka 1915 ikaunda bodi ya kudhibiti pombe iliyobana saa katika maeneo ya viwanda: muda mfupi mchana, muda mfupi jioni, na mlango kufungwa alasiri. Kwa hiyo mfano ambao nchi nyingi zilizotawaliwa na Uingereza ziliuzoea, wa saa chache za kuuza, ulianza hasa kwa ajili ya mtu kama mteja wako, yule anayefanya kazi za zamu. Tofauti ni kwamba yeye hakuonekana kama mtu mwenye kiu aliyestahili kuhudumiwa. Alionekana kama hatari kwa mitambo. Vita vilikwisha, lakini kule kufunga alasiri kuliendelea Uingereza hadi mwaka 1988, na saa za kudumu zilizowabana wote kwa pamoja ziliondolewa na sheria ya mwaka 2003 iliyoanza kutumika Novemba 2005.

Jambo la pili ni hili. Hata katika miaka ile ya ukali, baadhi ya baa zilizokuwa karibu na masoko ya usiku, kama soko la nyama la Smithfield huko London, zilipewa ruhusa maalumu ya kufunguliwa alfajiri kwa ajili ya wauza nyama na wachukuzi waliokuwa wakimaliza kazi jua linapochomoza. Yaani mtunga sheria aliona kwamba kuna watu ambao saa yao imegeuka, akawawekea mlango wa mbele, wenye karatasi, badala ya kuwaachia mlango wa nyuma. Sheria yetu ya mwaka 2010 haikufanya hivyo. Wala sisemi kwamba ilikosea. Mji wa bandari una ajali zake, na dereva wa lori anayekunywa saa mbili asubuhi kabla ya kushika njia ya Nairobi ni jambo la kutisha.

Wanaodhani kwamba kubana saa peke yake kunatosha watazame Australia. Majimbo kadhaa yaliamua kufunga baa saa kumi na mbili jioni, Australia Kusini ikiwa ya kwanza mwaka 1916. Watu walikuwa wakitoka kazini saa kumi na moja, wakimiminika baa na kunywa kwa pupa ndani ya saa moja iliyobaki, kisha kutupwa barabarani wote kwa pamoja. New South Wales iliiacha sheria hiyo mwaka 1955, Victoria mwaka 1966.

Mwenye Meza Saba ameandika tena:

Nawashukuru nyote, na hasa Mama wa Likoni, kwa sababu jambo la mteja anayekosana nawe juu ya deni la chupa limenifanya nikumbuke uso wa mtu fulani, ingawa sina ushahidi.

Jana nilimwomba mjomba anipe faili lake. Leseni ni ya baa ya kawaida, saa ni zile alizozitaja Karani, na jina lililoandikwa ni la mjomba. Nina maswali matatu yaliyobaki. Je, jina hilo lina shida? Kreti zangu mbili nifanyeje? Na je, ni kweli, kama nilivyosikia kwenye matatu, kwamba sheria mpya imeshapita, umri umekuwa miaka 21 na saa zimebadilika tena?

Karani Mstaafu amejibu:

Nitaanza na la mwisho kwa sababu ndilo linaloenea zaidi. Watu wanachanganya mambo matatu yaliyotokea kwa nyakati tofauti. Mwaka 2020, wakati wa korona, baa zilifungwa na baadaye kukawa na kafyu ya usiku, ambayo iliondolewa Oktoba 2021. Zile zilikuwa amri za wakati wa dharura. Kisha Machi 2024, baada ya watu kufa Kirinyaga kwa kunywa pombe yenye sumu, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Kithure Kindiki, alitangaza hatua kali kwa wenye viwanda na wauzaji. Halafu Julai 2025 ikazinduliwa sera ya kitaifa inayopendekeza umri wa kununua pombe upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21, pamoja na kuzuia uuzaji katika maduka makubwa na kupitia mtandaoni. Sera inapendekeza, haiwi sheria mpaka bunge lipitishe. Afisa akikuambia umevunja sera, muulize ni kifungu kipi cha sheria.

Jina lina shida, ndiyo. Leseni ya kuuza vileo hutolewa kwa mtu kuhusu mahali fulani, hairithiwi kama shamba la minazi. Nenda na mjomba wako, akiwa bado ana nguvu za kusaini, mkaombe kamati ihamishe leseni au ipokee maombi mapya kwa jina lako. Leseni yenyewe ni ya mwaka mmoja, kwa hiyo tazama tarehe ya kuisha. Ikiwa imekaribia, huenda ikawa rahisi zaidi kuomba upya. Hadi hapo umekuwa ukiuza kwa karatasi ya mtu mwingine, na hilo ni zito kuliko zile saa.

Kuhusu kreti, andika barua kwa ofisi ya leseni ya kaunti ndogo na nakala kwa mkuu wa kituo cha polisi cha eneo lako, ukitaja tarehe, saa, idadi ya chupa, na kwamba hukupewa orodha ya vilivyochukuliwa. Usijitetee ndani ya barua hiyo wala usiongelee wateja. Uliza tu vitu viko wapi na kesi ni namba gani. Ikiwa havikuandikwa popote, barua yako itawafanya wajue kwamba umegundua. Siku nyingine wakija, omba kitambulisho kabla ya kufungua friji. Faini hutozwa na mahakama, na malipo ya dhamana hupewa risiti. Ukikamatwa, Katiba inataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, isipokuwa muda huo ukiisha mahakama ikiwa imefungwa, ambapo utapelekwa siku ya kazi inayofuata.

Ama watu wako wa zamu, kama unaamini kweli kwamba wanastahili saa zao, njia iko katika Bunge la Kaunti. Andikeni ombi, si wewe peke yako: wenye baa wa Changamwe, Jomvu na Likoni pamoja, na mwalikeni yule jirani wa Mikindani aseme ni yapi angeyakubali. Msomaji wa Kale amewapa mfano wa Smithfield. Sitakuahidi kwamba mtasikilizwa mwaka huu.

Mwenye Meza Saba ameandika tena:

Nimeelewa. Tumepanga kwenda na mjomba Jumatatu. Barua ya kreti nimeiandika jana usiku na nimeondoa aya mbili za kujitetea baada ya kusoma ushauri huu. Mlango wa nyuma nimeupigilia mbao, na friji nimelitia kufuli. Ufunguo anakaa nao mjomba hadi saa kumi na moja, kwa sababu wateja wa asubuhi wanajua kunibembeleza mimi lakini yeye wanamwogopa. Mama wa Likoni, hiyo supu ya miguu unaianza kuipika saa ngapi ili iwe tayari saa moja?

Mama wa Kaunta, Likoni, amejibu:

Saa tatu usiku, mwanangu, kwa moto mdogo wa makaa, na ndimu usiitie mpaka bakuli liwe mezani.